Kichwa cha endoskopi ya milimeta 4: picha safi upande mmoja, imefifia upande mwingine. Nibadilishe nini?

atelye_birere (Goma)

Bonjuru wandugu wote. Niko Goma, natengenezaga vyombo vya hospitali, konsantrateri za oksijeni, asipirateri, taa za chumba cha operasio, vitu kama vile. Kuko daktari mmoja wa masikio na pua tunatumikaga naye, aliniomba tuangalie kama tunaweza kubuni endoskopi (bomba la kuangalia ndani ya mwili) ngumu, ile haikunjwi, ya milimeta 4, picha inakuja moja kwa moja ku laptop ili mgonjwa na wanafunzi waone pamoja. Zile za kutoka ng'ambo ni nzuri, sisemi vibaya, lakini ikianguka chini mara moja tu kioo cha ndani kinapasuka, na kuirudisha kiwandani inapita uwezo wa kabine ndogo.

Vile niko nafanya: bomba ya inoksi (chuma yenye haishike kutu) milimeta 4 nje na 3.6 ndani, mbele naweka kichwa cha alumini chenye fundi wa turu (mashini ya kuzungusha chuma na kuikata) ananikatia, ndani ya kichwa kuko sakafu tambarare, napaka kole (gundi), nabandika sensa (kipande cha kupokea picha) juu yake (pikseli 400 kwa 400, kila pikseli mikroni 1.75), kisha lensi ndogo ya F/4 (namba ya upana wa mlango wake wa mwanga) inakuja mbele mu tundu yake, kisha LED nne zinazunguka, kisha kioo kimoja chembamba kinafunika vyote.

Shida ni kwamba hakuna vichwa viwili vinatoka sawa. Kimoja picha iko safi kushoto na kuume imefifia, kingine picha yote imefifia kidogo, na karibu vyote nikiongeza taa kunaingia weupe fulani unafunika kila kitu. Fundi wa turu anasema nimwandikie toleransi (kosa lenye linaruhusiwa) ya mikroni 10 kila mahali na shida itaisha, lakini bei yenye anaomba kwa ile inakula maana yote ya kubuni kitu cha bei ndogo. Nauliza wenye wanajua: kweli ni lazima kila kipimo kiwe cha mikroni 10? Ao kuko namna ya kuchora vipande vyenyewe ili vikikutana vikae fasi yao, bila mashini kubwa na bila kutegemea mtu mmoja tu mwenye mkono hautetemeki?

papa_turu (Lubumbashi)

Yambo mwanangu. Mikroni 10 kila mahali hapana, usilipe ile pesa. Fundi wako hana kosa kuomba bei, ile kazi ni ngumu kweli, lakini wewe hauihitaji. Tufanye hesabu kwanza, juu hesabu njo itaonyesha wapi pa kukaza na wapi pa kuachilia.

Pikseli 400 za mikroni 1.75, ule uso wenye unaona mwanga ni milimeta 0.7 tu. Lensi yako ni F/4, zidisha 4 na 1.75 unapata 7. Basi sensa inaweza kusogea mbele ao nyuma mikroni 7 hivi kabla picha haijaanza kufifia. Sasa angalia kole. Tuseme sensa iko na upana wa milimeta 1, na upande mmoja kole imebaki nene mikroni 20 kuliko upande mwingine. Mikroni 20 haifiki hata nusu ya unywele. Lakini sensa imeshainama kupita digri 1, na kutoka katikati ya picha mpaka pembeni ni milimeta 0.35, basi kule pembeni kosa ni 0.35 mara 0.02, unapata mikroni 7 kamili. Nafasi yote imeisha, na ile ni kole peke yake, hatujagusa alumini wala lensi. Njo maana kushoto safi, kuume imefifia.

Kwa hiyo usiache kole ikae kati ya vitu viwili vyenye vinapimana. Ku sakafu ya kichwa acha vidato vitatu vidogo, vitatu si vinne, juu vitatu vinakaaga sikuzote bila kuyumba, vinne kimoja kitabaki hewani. Sensa ikalie pale kavu. Kole iende pembeni, mu mifereji yenye umeichimba kwa ajili yake, ikizidi iwe na fasi ya kukimbilia. Tena kole ikikauka inajikunja, zile za mwanga wa UV zinapungua asilimia kadhaa, tone moja la upande mmoja litavuta sensa upande ule. Tia matone matatu kwa umbali sawa, yavutane yenyewe.

Kisha mnyororo wa vipimo. Kutoka sensa mpaka lensi, kwa vile umeeleza, nahesabu vitu vitano: sakafu, kole, unene wa sensa, ukingo wa kichwa, kiti cha lensi. Kila kimoja kikiwa na kosa la mikroni 20, siku yote yakiegemea upande mmoja ni mikroni 100. Hata ukichukua 20 mara kipeuo cha pili cha 5, kwa kuwa si kila mara yanaenda upande mmoja, ni mikroni 45 hivi. Wewe unataka 7! Hautafika pale kwa kukaza kila kimoja, utafika kwa kuondoa vipande. Lensi na sensa zikalie kipande kimoja, uso mmoja huku uso mmoja kule, na kati yao kipimo kimoja tu cha kulipia. Vingine vyote, urefu wa kichwa, fasi ya waya, mfereji wa kole, mwandikie 0.1 huku na huku, akate akiimba.

Na kile kipimo kimoja akikate bila kufungua mandrini, ile mikono ya turu yenye inashika kipande. Tundu ya lensi, kiti cha sensa na mzunguko wa nje vitoke mu mfungo mmoja. Ukifungua na kufunga tena ku mandrini ya zamani ya meno matatu, katikati inahama, na utapoteza asubuhi nzima na komparateri kuitafuta. Tundu ya lensi asiimalize na foreti, foreti inatangataga na inatoa tundu kubwa kuliko yenyewe. Atoboe chini kidogo ya kipimo, kisha apitishe alezwari, chombo cha kulainisha tundu mpaka kipimo. H7 (daraja la kawaida la kipimo cha tundu) kwa tundu isiyopita milimeta 3 ni kati ya sifuri na mikroni 10 juu, na kwa ile haihitaji CNC, mashini ya kuongozwa na kompyuta, inahitaji mafuta na mtu mwenye hana haraka.

biomed_kadutu (Bukavu)

Papa Turu amesema kweli tupu. Miye niko Bukavu, kazi yangu ni kutunza vyombo ku hospitali, endoskopi ngumu nimezifungua nyingi, zile zilishakufa. Ndani ya zile za kawaida unakutaga vijiti vya kioo virefu vimepangwa mu bomba. Ni wazo la Harold Hopkins, mtaalamu wa optiki wa Uingereza, aliliombea hati 1959, na Karl Storz wa Ujerumani akaanza kuzitengeneza mu miaka ya 1960. Kabla yake walikuwa wanatumia lensi fupi na hewa ndefu kati yao, yeye akageuza, kioo kirefu hewa fupi. Watu wanasifuga mwanga, na kweli picha ilipata mwanga mwingi kabisa, lakini angalieni kwa jicho la mwenye kuunganisha: lensi ya unene wa milimeta 0.8 yenye mikroni 20 za kulegea mu bomba inaweza kuinama digri 1.4, inalala kibavu kama sarafu mu mrija. Kijiti cha milimeta 20 na kulegea kulekule hakiwezi kuinama hata digri 0.06. Urefu wake njo unakinyoosha, hakuna mtu anaushika. Basi kaka wa Birere, kama utaendelea na lensi ya peke yake, ifunge kwanza mu pete ndefu, mara tatu ya unene wake ao zaidi, kisha pete njo iingie mu kichwa.

Ule weupe, karibu nina hakika ni kile kioo kimoja kinafunika lensi na LED pamoja. Mwanga wa LED unaingia mu kioo, unagonga uso wa mbele, sehemu yake inarudi na kutembea ndani ya kioo mpaka juu ya lensi. Fanya hivi: ingia mu chumba cha giza, elekeza kichwa mu hewa tupu kusiko kitu karibu, washa taa yote. Picha inapaswa kuwa nyeusi. Kama iko ya kijivu, ule mwanga haukutoka nje hata kidogo, umepita ndani. Kisha washa LED moja moja na uone ni ipi inachafua zaidi, mara mingi ni ile yenye kole imekaa vibaya mbele yake. Dawa ni kutenganisha, lensi iwe na kioo chake peke yake, na ukuta wa chuma kati yake na taa ufike mpaka mbele kabisa, usiishie nyuma ya kioo. Ukuta uwe mweusi ndani. Na kole ya kuzunguka kioo cha lensi iwe ya epoksi nyeusi, ile ya kung'aa inapitisha mwanga sawa kioo.

Kitu kingine kinanipa wasiwasi kuliko picha, ni joto. LED nne zikila milivati 60 hivi kila moja, ni robo ya vati mu kichwa kidogo kimefungwa, hakina fasi ya kupumulia. Kanuni za vifaa vya hospitali, IEC 60601-1, zinasema kitu chenye kinagusa mgonjwa dakika 10 ao zaidi kisipite digri 43. Pima na termokapo (waya ya kupimia joto) ndogo umebandika ku uso wa mbele, mu hewa iliyotulia, taa yote imewashwa, ngoja mpaka namba isimame. Usipime kwa kidole. Miye ningeziondoa LED zote kule mbele, moja kubwa ikae mu mshiko wenye alumini nyingi ya kumeza joto, na nyuzi za plastiki zilete mwanga mbele. Na kwa kuunganisha ni rahisi pia, uzi hauna plus wala minus, hakuna kulehemu, unaujaza mu ile nafasi ya umbo la mwezi yenye inabaki kando ya kamera, unamwaga epoksi, ikikauka unakata na kusugua yote kwa mara moja na karatasi ya msasa, mbaya kwanza kisha laini laini mpaka ing'ae.

atelye_birere (Goma)

Mersi sana papa, mersi sana dada, nimesoma na kurudilia. Nimefanya ile ya chumba cha giza, picha ni ya kijivu kabisa. Basi ile iko wazi.

Nabaki na maswali. Kwanza, kuna kijana wa kartie ya Himbi ako na emprimanti ya rezini (mashini ya kuprinti vipande vya 3D), anasema anaweza kunitolea kiti cha sensa kwa bei ya bure karibu, je mikroni zake zinafika? Pili nyuzi za plastiki zinavumilia otoklavu (mashini ya mvuke ya kuua vijidudu)? Tatu, nimeona kuna kamera zinauzwa zimeshafungwa na lensi yake, nilizikwepa juu kila moja bei yake inapita sensa tupu. Nilihesabu vibaya ao?

poli_lushi (Lubumbashi)

Heshima kwako papa, na kwa wote. Niko mwanafunzi wa politekniki hapa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, hii mambo ya kamera ndogo njo nafanyia kazi ya mwisho, basi nianze na swali lako la tatu kwa sababu linabadilisha yale mawili mengine.

Chukua ile imeshafungwa. OV6946 ya OmniVision kwa mfano ni pikseli 400 kwa 400 za mikroni 1.75, sawa na yako, na kipande chote ni karibu milimeta 1 kwa 1. Ndugu yake mdogo OV6948, 2019 iliandikwa mu Guinness World Records kuwa sensa ndogo kuliko zote zenye zinauzwa, milimeta 0.575 kwa 0.575, lakini ile pikseli zake ni 200 kwa 200, kwa sikio ni kidogo mno naona. Hivi vipande vinafungwa namna gani? Hawashike lensi moja moja na kibano. Lensi zinatengenezwa maelfu ku sahani moja, ile sahani inawekwa juu ya sahani ya sensa, zinalinganishwa mara moja zote, zinagandishwa, kisha ndio wanakata vipande. Ile mikroni 7 ya papa imeshalipwa kiwandani, imegawanywa kwa maelfu ya kamera, na wewe unanunua kipande chako. Sensa tupu unaona bei yake ni ndogo lakini unalipa mikroni 7 peke yako, kwa turu, kwa alezwari, kwa vichwa vyenye unatupa. Uhesabu bei ya kichwa chenye kimefaulu, si bei ya sensa.

Na sasa angalia vile kazi inakuwa nyepesi. Kamera yenye lensi yake ikiinama digri 1 mu kichwa, hakuna kinafifia, picha yote inaangalia tu digri 1 pembeni, na kama inaona upana wa digri 120 daktari hataona kitu. Mikroni 20 za kole zilikuwa zinakuua, sasa hazina neno, hata 50 sawa. Kile kinabaki cha kulinda ni kuzunguka: juu ya picha iwe juu ya mshiko. Daktari akisukuma mkono juu na picha inaenda kando, hataitaka tena.

Sasa rezini. Emprimanti za mezani mara mingi pikseli yao ni mikroni 20 mpaka 50 hivi, kwa kiti cha sensa tupu haitoshi, kwa kiti cha kamera iliyofungwa inatosha. Lakini miye singeweka rezini mu kitu kinaingia mu mwili, rezini haijakauka vizuri inachoma ngozi, na nyingi hazikupimwa kwa ile. Tumia ile emprimanti kwa vibanio vya kuunganishia! Kiti cha kushikilia bomba wima, kiongozi cha kusukuma kamera mpaka mwisho wake, kifuniko chenye tundu za kutia matone ya kole fasi ileile kila mara. Kibanio kikichakaa unatoa kingine jioni. Pale njo utapata vichwa vinavyofanana hata kama mwenye kuunganisha leo si wewe.

Na kama kwa sababu yoyote utabaki na lensi peke yake, kuna njia ya kulinganisha huku picha inawaka: kamera iko inaonyesha karatasi ya mistari ku laptop, unasogeza lensi polepole, picha ikiwa safi pembe zote nne unawasha UV kole inaganda palepale. Viwanda vikubwa vinatumia mashini ya bei mbaya kwa ile, lakini OpenFlexure, mikroskopi ya kuprinti yenye wametengeneza pamoja na watu wa Dar es Salaam na Ifakara kule Tanzania, wako na meza ndogo ya kusogeza vitu inaitwa Block Stage. Haina reli wala bolibeli, plastiki yenyewe inapinda, kwa hiyo hakuna kulegea. Michoro iko wazi, unaichukua bure.

daktari_wa_masikio (Goma)

Ni miye ile daktari. Niongeze vya upande wangu. Kwa sikio nahitaji urefu wa kufanya kazi wa sentimeta 10 hivi, kwa pua 18, musichanganye, ndefu mu sikio mkono unachoka na ncha inatetemeka. Mara mingi naangalia kitu kiko sentimeta 1 mpaka 3 mbele ya kioo. Rangi ni ya muhimu kuliko pikseli nyingi, ngoma ya sikio yenye iko nyekundu na yenye iko ya kawaida lazima nizitofautishe, LED za buluu buluu zile za bei ya chini kabisa hapana. Na uso wa mbele usiwe na ngazi hata ndogo, uchafu wa sikio unajaza pale.

biomed_kadutu (Bukavu)

Daktari amegusa fasi yenye inauma. Ngazi ya mbele si ya picha tu. 2015 kule Marekani ilitokea kesi kubwa ya duodenoskopi, zile za kufika mwanzo wa utumbo mdogo, pale mirija ya kongosho na nyongo inafungukia, wagonjwa walipata bakteria sugu hata vyombo vilisafishwa vile maandishi yanasema, kwa sababu kuna kijiko kidogo ku ncha chenye nyuma yake brashi haifiki. FDA, ofisi ya Marekani yenye inasimamia dawa na vyombo vya hospitali, ikatoa onyo, na 2019 ikaomba hospitali zihamie kwa zile zenye ncha ya kuondoa na kutupa, ao za kutupa zote. Ile si kosa la msafishaji, imetoka ku mchoro. Basi kila fasi vipande viwili vinakutana nje, jaza epoksi mpaka juu kisha usugue yote pamoja, chuma, kioo, nyuzi, iwe uso mmoja. Pitisha ukucha, ukikwama popote rudia.

Swali la otoklavu: nyuzi za plastiki za kawaida, PMMA, hapana, otoklavu ni digri 121 ao 134 na zenyewe hazipite 80 hivi. Hata epoksi na kioo vinateseka pale. Chukua kioo cha milimeta 3 mu pete ya inoksi, inoksi inapanuka mikroni 17 kwa kila meta kwa kila digri, kioo 7, kutoka digri 20 mpaka 134 pete inamkimbia kioo karibu mikroni 3 na nusu. Ni kidogo, lakini kole inavutwa na kuachiwa kila siku ya kazi, na siku moja mvuke unaingia, picha inakuwa na ukungu. Wenye wanatengeneza za otoklavu wanaweka kioo cha safiri na kukichomelea na chuma, ile si ya atelye zetu. Kwa sikio na pua chombo chenye kinagusa utando wa ndani usio na kidonda kinahitaji disinfeksio ya daraja la juu, ya kuzamisha mu dawa, mtaalamu Spaulding wa Marekani aliyapanga haya madaraja zamani na bado njo tunayafuata. Ukichora kwa ajili ya kuzamisha tu, unaruhusiwa plastiki, unaruhusiwa epoksi ya kawaida ya hospitali, bei inashuka mara moja. Lakini uandike ku mshiko kabisa kwa herufi zimechongwa, OTOKLAVU HAPANA, juu siku moja mtu mgeni wa zamu ataiweka tu.

Na mbele ya kuizamisha, ujaribu kama inavuja. Acha tundu ndogo ya valvu mu mshiko toka mwanzo wa mchoro, unasukuma hewa kidogo na pompi ya mkono ya kupimia presio ya damu, unaiweka mu beseni ya maji, ukiona povu hata moja usiendelee. Wengi wanasahau ile tundu, kisha hawana namna ya kupima.

poli_lushi (Lubumbashi)

Dada, na zile za kutumia mara moja na kutupa? Ambu wa Denmark walianza na aScope 2009, na sehemu ya kupinda kwa zile za plastiki inaweza kumiminwa kipande kimoja na bawaba zake ndani, hakuna pete wala rivet za kufunga moja moja. Kwa kuunganisha ni kazi nzuri sana.

biomed_kadutu (Bukavu)

Ni kazi nzuri, na kuna somo la kuchukua pale: vipande vichache, vinabana vyenyewe bila visi, kila kimoja kinaingia upande mmoja tu. Lakini kuleta kisanduku cha vya kutupa kwetu huku, najua vile itakwenda. Vitaoshwa na kutumika tena, na vilichorwa kwa kutokuoshwa. Afazali chenye kimechorwa kuoshwa.

papa_turu (Lubumbashi)

Kama ni kamera iliyofungwa, nabadilisha mchoro wangu. Mraba wa milimeta 1 ku turu ni mateso, tundu ni ya mviringo. Usitoboe. Gawanya kichwa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kijiti cha inoksi cha milimeta 3.6 kasoro kidogo, juu yake unapitisha frezi (kisu cha kuzunguka cha kuchimba mfereji) moja yenye inapita kidogo upana wa kamera, kwa urefu wote, unapata mfereji wazi kutoka juu. Kamera unailaza mule kwa macho yako, unaona kila kitu, waya zinafuata mfereji uleule, unasukuma mpaka inagusa kizuizi cha mbele. Kuta mbili za mfereji zinaizuia kuzunguka, sakafu inaizuia kuinama. Kando ya kamera unachonga nafasi ya nyuzi za taa, na ukuta wenye unabaki katikati njo ule mweusi wa dada. Kisha bomba la inoksi linateleza juu na kufunga. Kwa juu ya picha, ku mkia wa kile kijiti piga ubapa mmoja wakati uleule wa kufreza, bila kufungua, na mshiko uwe na ubapa wake, vinaingiliana upande mmoja tu. Hata mtu aunganishe usiku, juu itakuwa juu.

Kulegea kati ya kijiti na bomba acha mikroni 30 mpaka 50, epoksi itajaza. Na bomba usilikate na diski, linabaki na kingo za kukwaruza waya. Likate ku turu, kisha pitisha kikwaruzo ndani.

atelye_birere (Goma)

Papa hii ya mfereji nimeipenda kabisa, hata fundi wa hapa aliiona akasema anaifanya bila ile bei ya kwanza. Naagiza kamera iliyofungwa na nyuzi za 0.5. Laptop nayo niunganishe namna gani, USB moja kwa moja iko sawa?

biomed_kadutu (Bukavu)

Si moja kwa moja kama laptop iko ku chaja. Chaja ya ukutani inavujisha mkondo kidogo, na bomba lako ni la chuma mu pua ya mtu. Kwa chombo cha aina hii, yenye ile kanuni ya IEC inaita BF, mkondo wa kupita mu mgonjwa usipite mikroampea 100 kazi ikiwa ya kawaida, na chaja za bei ndogo pamoja na nyumba zisizo na waya wa ardhi haziaminiki, jenereta ndio mbaya zaidi. Tumia simu ao tableti ikiwa ku batri yake, ao weka kitenganishi cha USB kati, na tena fanya mshiko wa plastiki nene ili chuma ya bomba isigusane na ganda la plagi. Mbele haijagusa mtu yeyote, uipime, na ianze ku kichwa cha mfano cha wanafunzi.

Daktari, mu kabine yako munazamisha mu dawa gani? Glutaraldehidi ya asilimia 2 ao OPA (ortho-phthalaldehyde)? Nauliza kwa sababu ya epoksi.

daktari_wa_masikio (Goma)

Glutaraldehidi ya 2, dakika 20.

biomed_kadutu (Bukavu)

Sawa. Kaka, mimina vipande vya epoksi zile mbili tatu zenye unaweza kupata, bandika kioo na uzi ku bati ya inoksi, acha mu ile dawa wiki mbili mfululizo, kisha chunguza kingo na lupa. Yenye imevimba ao imetoka rangi, itoe. Ile yenye inabaki, utuambie hapa.

atelye_birere (Goma)

Naanza kesho asubuhi, daktari ameshanipa lita moja.